Kochi la Siku Moja

Makochi yalifika Kianda siku moja kabla ya wageni, juu ya mkokoteni, yamefunikwa karatasi ya nailoni, na watu wakaacha shughuli zao kuyatazama. Ungedhani bwana harusi anapita. Mbele alivuta Lazarus Obonyo, suruali imekunjwa hadi magotini, matope ya ile mvua ya El Nino yakimfika vifundoni. Nyuma alisukuma Wakoli, mwenye karakana kule Kongo, Kawangware, ambako Lazarus alikuwa kibarua wa kupiga makochi msasa na vanishi. Walikuwa wametoka nayo Kawangware yote hiyo kwa miguu, jamani, mpaka Kibera, na barabara yenyewe mnaijua ilivyokuwa mwaka ule.

"Baba Marion, umeuza ng'ombe wangapi?" mtu alipaza sauti kutoka kwa kinyozi.

Lazarus alicheka tu, akaendelea kuvuta. Raha ya kuonekana na makochi mapya ilikuwa imemwingia kidogo, na tusimwonee kwa hilo. Mtu aliyetengenezea wengine viti miaka yote, mwenyewe akikalia jerikeni, akipata nafasi ya kuvuta vyake hata kwa saa moja, atacheka.

Mlangoni alisimama mkewe, Akeyo, mikono kiunoni, akipima kwa macho upana wa mlango na upana wa kochi.

"Litaingia?"

"Litaingia."

"Na sisi je, tutaingia wapi?"

"Mama Marion, wacha maneno. Shika hapo."

Liliingia, baada ya kitanda kutolewa na kupelekwa kwa jirani yao Nasipwondi, na meza kutolewa, na pazia lililogawa chumba kufunguliwa. Chumba kilikuwa kimoja. Makochi yakajaa ukuta hadi ukuta, mapya, yananukia vanishi, kitambaa chekundu chenye maua ya dhahabu. Yalikuwa ya mteja mmoja wa Kawangware aliyeahidiwa kupelekewa Jumamosi. Wakoli alikubali kuyaazima kwa urafiki tu, akamkanya Lazarus kidole kikiwa juu: "Obonyo, yasimwagikiwe hata na tone la chai. Nakuambia kama ndugu."

Sasa niwaambie yaliyowafanya wafike huko. Binti yao Marion alikuwa amefanya mtihani wa darasa la nane na kuipita shule nzima, wavulana na wasichana, akaitwa shule ya bweni ambayo hata kuitamka jina Akeyo alikuwa anaogopa. Karo haikuwapo. Hata ya kujidanganya nayo haikuwapo. Lakini lilikuwako shirika moja la wazungu lililochagua kila mwaka watoto werevu wa watu wasiojiweza, likawasomesha mpaka mwisho. Kabla ya kuchagua walikuja nyumbani kwako kuona kwa macho. Katika eneo lile walikuwa wamebaki wasichana wawili, na nafasi ilikuwa moja. Marion akiikosa, hakuna shule. Mambo yalikuwa hivyo tu, na kila mtu katika chumba kile aliyajua.

Mwalimu wake, Kaloki, Mkamba mwembamba asiyeweza kunyamaza, alikuwa amemshika Marion likizo nzima kumfunza kujibu maswali. Alimwambia kwamba mama mzungu anayekuja, Misis Holloway, ana mtindo wake. Haulizi, "Mna stima?" Anauliza, "You don't have electricity, do you?" yaani hamna stima, sivyo? Na hapo ndipo watoto wa watu huanguka. Mtoto anasema "Yes", akimaanisha ndio, umesema kweli, hatuna. Na mzungu anaandika kwamba wanayo.

"Usimjibu mtu," Mwalimu Kaloki alikuwa akirudia. "Jibu kile kitu. Kitu kama hakipo ni No, hata akikuuliza akiwa amesimama na kichwa."

Basi kila jioni, Akeyo akipika sukuma juu ya jiko la mkaa, Marion alikaa mlangoni akijiuliza na kujijibu. Akeyo hakuwa na Kizungu, lakini ana masikio. Akawa anamjaribu mtoto kwa Kiswahili.

"Hatuna gari, sivyo?"

"No, we don't."

"Ala! Lakini si nimesema hatuna? Na kweli hatuna. Mtu na adabu zake si anakubali?"

"Kizungu hakiko hivyo, mama. Kama kitu hakuna, ni no tu."

"Wazungu ni watu wa kubishana basi," Akeyo alisema, wakacheka wote wawili mpaka moshi ukawaingia machoni. Lakini lile somo lilimkaa. Kitu hakipo, no. Hata akiwa anafua nguo za watu kule Nyayo Highrise alijikuta anafanya mazoezi kimoyomoyo. Huna viatu vingine, sivyo? No.

Lazarus ndiye hakutaka kusikia. Kabla Marion hajazaliwa alikuwa amefanya kazi ya bustani kwa mzungu wa Lavington, na Kizungu chake alikipata huko, katikati ya maua.

"Mimi nifunzwe yes na no?" alisema. "Mzungu haambiwi no. Mpishi wetu alimwambia mama mzungu no, mara moja tu, tena kwa jambo la kitunguu. Hakumaliza wiki. Mimi nilisema yes, madam, yes, sir, nikakaa mpaka wakarudi kwao wenyewe."

"Baba, hii ni tofauti."

"Nyathina, mwanangu, mkubwa ni mkubwa. Na siku hiyo mimi ndiye nitaongea. Wewe ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, nyamaza. Wasije wakasema mtoto wa Obonyo hana adabu."

Na makochi nayo yalitoka kichwani mwake. Kwao, Siaya, mgeni wa maana akija boma moja, viti hutoka maboma yote. Hakuna anayeficha. Mgeni anaweza kukaribishwa kiti akakitazama na kukuta ni chake mwenyewe, alichowaazima juzi, naye akakikalia na kushukuru. Hiyo si kujionyesha. Ni kumwambia mgeni kwamba watu wote wa hapa wamejua umekuja. Akeyo alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Kwa hiyo alinung'unika kuhusu mlango, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Nasipwondi kuomba vikombe vya maua na chupa ya chai, na kwa Jentrix wa nyumba ya kona kuomba saa ya ukutani. Laiti Mwalimu Kaloki angepita siku ile! Angeyasukuma yale makochi nje kwa kichwa. Lakini alikuwa amesafiri Machakos kwa mazishi.

Siku ya wageni Akeyo aliomba Mungu jambo moja: mvua isinyeshe. Bati lao lilivuja mahali pawili, na siku za mvua waliweka karai hapa na sufuria pale. Sasa akili yake yote ilikuwa kwenye kitambaa chekundu cha mteja wa watu. Karai alilificha kwa Nasipwondi. Na Mungu, ambaye tangu mwezi wa kumi alikuwa hasikii habari ya kuzuia mvua, siku hiyo akasikia. Jua likawaka mpaka matope yakaanza kutoa mvuke.

Misis Holloway alikuja amevaa buti za mpira na kofia, mama mwenye umri, mpole usoni, na pamoja naye Bwana Muia, kijana wa shirika aliyekuja kutafsiri. Walipoingia tu, yule mama alisimama. Alitazama makochi. Alitazama saa ya Jentrix ukutani. Akaketi polepole, ukingoni, kama mtu asiye na hakika kwamba ni hapa alipotumwa.

"Nitatafsiri," Muia alisema.

Lazarus aliinua mkono. Alikuwa amevaa koti. "No need, Mr. Muia. In this house we are understanding English."

Muia hakubishana. Chai ilikuwa imemiminwa, na mandazi yalikuwa ya moto.

Marion alizunguka na jagi na beseni, akawanawisha wageni mikono. Yule mama alimwuliza hili na lile, naye akajibu kwa sauti yake ndogo iliyonyooka, na Akeyo akaona mama anafurahi. Mara mbili alisikia ule mkia wa swali unaopanda juu, na mara mbili akasikia mtoto anasema no, na moyo wake ukasema, hapo, hapo hapo. Alitamani Mwalimu Kaloki angekuwepo.

Kisha Misis Holloway akamgeukia Lazarus. Akapigapiga mkono wa kochi kwa kiganja, akatabasamu, akasema maneno machache, na mkia ukapanda.

"Yes, madam," Lazarus alisema.

Tabasamu la yule mama likasimama pale pale. Akarudia, taratibu zaidi, akionyesha makochi yote kwa mkono.

"Yes, madam," Lazarus alisema tena, kwa heshima zote alizokuwa nazo. Kisha, kwa kuwa alimwona mgeni hajaridhika, akaongeza kwa fahari, "I make them. With my own hands."

Marion alikuwa amesimama karibu na mlango. Jagi likayumba mkononi na maji yakamwagika sakafuni. Akeyo akamkata jicho. Maji karibu na makochi ya watu! Mtoto akainama kupangusa, na alipoinuka midomo ilikuwa imefunguka kama anayetaka kusema. Akamtazama baba yake. Baba alikuwa amenyoosha mgongo, anatabasamu. Mtoto akafunga mdomo.

Wageni wakamaliza chai. Muia akachukua andazi jingine la njiani. Misis Holloway alimshika Marion mkono muda mrefu mlangoni, na Akeyo akaona kwamba hilo ni jambo jema. Nani asingeona hivyo?

"Umeona?" Lazarus alisema walipokwisha kwenda, akajitupa kwenye kochi kwa mara ya kwanza. "Umeona wageni wanavyokaribishwa?"

Marion alianza kulia.

"Nini tena?"

"Baba, alikuuliza makochi."

"Ndio. Akasema si yangu. Na si kweli? Si ya Wakoli? Nikamkubalia."

"Ulimwambia ni yako."

"Nilisema yes!"

"Baba, hapo yes ni kusema ni yako. Na akauliza tena, kwa sababu alitaka useme si yako. Ukasema ni yako, na umetengeneza mwenyewe."

Kuelewa kulimjia Lazarus polepole, kukaanzia machoni kukashuka mabegani. Akainuka kwenye kochi kana kwamba limemchoma.

"Na wewe si ulisikia? Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nisiongee."

Mzazi alimwambia mtoto awe na adabu, na mtoto akawa na adabu.

Nasipwondi akabisha hodi, amebeba lile karai lao mkononi, uso umejaa furaha. "Haya, mmepita? Nimekuja kuchukua chupa yangu, lakini si haraka, si haraka." Alipoona nyuso zao akalitua karai polepole, akachukua chupa yake bila kuuliza tena. Jioni Wakoli akaja na mkokoteni. Alikagua kitambaa chote kwa vidole, mkono baada ya mkono, akaridhika. Hakikuwa na hata tone. Makochi yakafunikwa tena ile karatasi ya nailoni, na watu wale wale wakatoka kutazama makochi yakienda.

"Yamerudi?" sauti ikauliza kutoka kwa kinyozi. "Kumbe yalikuwa ya kutembea tu!"

Wakacheka. Mvua ikaanza kunyesha wakiwa bado hawajarudisha kitanda, na bati likavuja mahali pote pawili.

Mwalimu Kaloki aliporudi kutoka Machakos ndiye aliyeleta habari. Hakuketi. Alisimama mlangoni akipangusa miwani, akaivaa, akaipangusa tena.

"Wamemchukua yule mwingine," alisema.

Akeyo alikuwa anachambua maharagwe. Akaendelea kuchambua.

"Mama Marion, mbona makochi? Makochi ya nini? Mtu anakuja kuona kama huna, wewe unamwonyesha unayo?"

"Tungemkalisha wapi, Mwalimu?"

"Kwa jerikeni! Chini! Popote mnapokaa nyinyi!"

"Mgeni?"

Mwalimu mwenyewe alikuwa ametoka mazishini ambako alikalia kiti cha jirani wa jirani. Akasema kwa upole zaidi, "Nendeni mkamweleze. Marion ana Kizungu cha kutosha. Mkaseme ukweli. Huyo mama si mtu mbaya."

Lazarus alisema ana kazi nyingi karakana. Alitoka kabla ya wao kunywa chai. Ofisi ya shirika ilikuwa ng'ambo ya Kawangware, na njia fupi ilipita Kongo, mbele ya karakana ya Wakoli. Akeyo na Marion walipopita walimwona amechuchumaa chini ya bati, anapiga msasa mguu wa kiti. Aliwaona. Akeyo alijua kwamba aliwaona kwa sababu mkono wake ulisimama. Kisha ukaendelea, kwa nguvu zaidi, na kichwa hakikuinuka. Akeyo alikuwa amejiandaa kumkasirikia njia nzima, lakini alipomwona vile akashindwa.

Askari wa lango aliwakalisha nje juani. Muia alitoka kwanza.

"Mama, mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikalia hicho kiti kwa matako yangu mwenyewe. Sasa unataka nimwambie nini?"

"Yalikuwa ya kuazima, kijana yangu."

"Ya kuazima. Na saa?"

"Ya Jentrix."

"Vikombe?"

"Vya Nasipwondi."

Muia alikuwa mtu wa Kitui. Bila shaka kwao pia viti hutembea. Lakini hapa alikuwa na shati la ofisi na kalamu mfukoni, akasema tu, "Mngeniambia siku ile," na Akeyo akakumbuka mkono wa Lazarus ulioinuliwa na mandazi ya moto.

Hata hivyo alimwita. Misis Holloway akatoka kwenye veranda bila kofia, nywele nyeupe zote nje, akamsalimu Akeyo kwa mikono miwili. Na Marion akaongea. Jamani, mtoto aliongea! Kizungu kilimtoka bila kukwama, Akeyo akishika neno moja moja, "father", "carpenter", "visitor", na yule mama anaitikia kwa kichwa taratibu, anasikiliza kweli. Akilini Akeyo alimwona Marion na sare ya shule ile, soksi nyeupe, sanduku. Hakuweza kujizuia.

Kisha yule mama akauliza kitu kifupi. Mkia ukapanda, Akeyo akausikia waziwazi.

Marion hakujibu.

Akeyo akamfinya kiunoni. "Jibu, mama. Si unajua hiyo? Jibu."

Marion alimgeukia mama yake na macho ambayo Akeyo hakuwahi kuyaona. Kisha akasema kwa sauti ya chini, maneno machache tu. Misis Holloway akainamisha kichwa, akamwekea mkono begani, akasema kitu, akaingia ndani.

"Thank you, madam!" Akeyo alimpazia sauti nyuma yake, kwa Kizungu chote alichokuwa nacho. "Thank you! God bless you!"

Walitembea mpaka wakafika kwa mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma. Akeyo alitaka kusherehekea, akanunua hindi moja, akalivunja katikati.

"Haya, niambie. Alisema utaanza shule lini?"

Marion alishika nusu yake, hakula. "Mama, majina yalishaenda. Alisema hata kama angetaka, hawezi kuyarudisha."

"Lakini alikuwa anakubali! Nimemwona na macho yangu akiitikia kwa kichwa!"

"Alikuwa anasikiliza tu."

"Na lile swali je? Lile lililokushinda?"

"Aliniuliza, kwa hivyo hamkuwa wakweli kwetu, sivyo?"

Akeyo alifikiri. Alifikiri vizuri, kama walivyokuwa wakifikiri jikoni. "Si ungesema no?"

"Nikisema no, nimekubali tulidanganya."

"Sema yes basi."

"Nikisema yes, nasema tulikuwa wakweli. Na yeye alikalia makochi ya Wakoli akiambiwa ni ya baba."

"Sasa jibu lake ni gani?"

"Sijui, mama. Mwalimu hakutufunza hilo."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia makochi tulileta kwa ajili yake. Ndio akae vizuri."

"Akasema?"

"Akasema asante."

Akeyo akaketi juu ya jiwe kando ya yule muuza mahindi. Alikumbuka sauti yake mwenyewe ikimfuata yule mama verandani, thank you, God bless you, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Alitaka kumkasirikia mtu. Akamtafuta. Lazarus? Mzungu? Muia, Mwalimu, Nasipwondi na vikombe vyake? Kila aliyemshika moyoni alikuwa amefanya wema, au kazi yake, na alipomfikia yeye mwenyewe akakuta kwamba naye alikuwa ameomba jua, akapewa. Angeomba mvua! Yule mama angekaa pale karai likidondoshewa maji mbele yake, na maswali yasingekuwako. Akalia mbele ya watu, hindi mkononi. Muuza mahindi akampangusia majivu ya makaa sketini, akamwambia pole bila kuuliza ni ya nini.

Nyumbani Lazarus aliwatazama mara moja wakiingia, akajua. Baada ya chakula alisema, "Labda mwaka ujao," na wote wakaitikia labda. Tangu siku ile hakusema tena neno la Kizungu nyumbani kwake, hata "radio" aliita "hiyo kitu."

Shule zilifunguliwa. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walipita Kianda na masanduku vichwani, na Marion alishinda ndani mpaka wakaisha kupita. Akeyo aliona hilo juma zima, na Jumatatu iliyofuata akamwambia avae vizuri. Mtoto akavaa gauni la kanisani na viatu vyeusi vya shule, vya mtumba, ambavyo Akeyo alikuwa amevinunua soko la Toi ile wiki barua ya kuitwa shule ilipofika, kabla hawajajua lolote.

Mama Derrick wa Nyayo Highrise, ambaye Akeyo alimfulia kila wiki, alikuwa anatafuta msichana wa kukaa na mtoto. Si msichana hivi hivi. Derrick alikuwa ameanza nasari ya watu wa Kizungu, na mama yake hakutaka aharibiwe ulimi nyumbani. Aliwafungulia mlango mwenyewe, mwanamke kijana mwenye kucha nzuri, akamtazama Marion juu hadi chini, na akamwanzia kwa Kizungu papo hapo, kumjaribu.

"You haven't worked in anyone's house before, have you?"

Mkia ukapanda. Akeyo alishika ukingo wa mlango. Alijua lile neno "house", alijua "work", na kwa mara ya kwanza maishani alilielewa swali lote la Kizungu kabla halijajibiwa. Hajawahi. Kitu hakipo.

"No, madam," Marion alisema. "I haven't."

"Wacha!" Mama Derrick aligeukia Akeyo, macho yamewaka. "Unajua nimeona wasichana wangapi? Wote ukiwauliza hivyo wanakuambia yes, yes. Huyu amefunzwa wapi?"

"Shule," Akeyo alisema.

"Kizungu safi kabisa! Mimi nimeshapata. Mama Marion, huna neno akianza leo leo, ama?"

Akeyo alikuwa na maneno. Alikuwa nayo kifua kizima, mengine ya Kijaluo, mengine ya Kiswahili, moja la Kizungu. Marion alikuwa anamtazama. Nyuma ya Mama Derrick palikuwa na sebule, na ndani ya sebule makochi, mekundu, yenye maua ya dhahabu, labda ya karakana nyingine.

"Ndio, mama," Akeyo alisema. "Sina neno."

Basi Marion akainama, akavua vile viatu vya shule, akavipanga mlangoni pamoja na vya watu wa nyumba ile, akaingia ndani.